Mvua ya Milimani, Mafuriko ya Pwani: Namna ya Kusikiliza Utabiri wa Hali ya Hewa nchini Oman

Katika mazungumzo yetu ya leo tunaiangalia hali ya hewa ya Oman, nchi wanamoishi ndugu zetu wengi wazungumzaji wa Kiswahili, kuanzia Maskati na pwani ya Batinah hadi Nizwa na Ibra katika nchi ya ndani.

Utabiri wa siku chache zijazo nchini humo mara nyingi huwa na sehemu mbili. Pwani, huambiwa, kutakuwa na anga safi na mawingu machache. Katika milima ya Hajar na maeneo yanayopakana nayo, kuna uwezekano wa mvua ya radi wakati wa alasiri, na wadi huenda zikajaa maji. Msikilizaji aliyeko Seeb, kando ya bahari, huisikia sehemu ya kwanza, akaridhika, akaizima redio. Ile ya pili huiona kuwa ni habari ya watu wa bara. Hilo ndilo kosa tunalotaka kulizungumzia leo, kwa sababu ni kosa linaloweza kuua.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini dalili ya mafuriko si lazima iwe mawingu yaliyo juu ya kichwa chako. Milima ya Hajar imejipanga sambamba na pwani, na kilele chake kirefu zaidi, Jabal Shams, kina urefu wa takriban mita 3,000. Wakati wa joto, upepo wa baharini huubeba unyevu na kuupandisha kwenye miteremko iliyochomwa na jua. Hewa hiyo hupaa, mawingu yakarundikana, na ifikapo alasiri radi huanza kunguruma.

Maji hayo hayana pa kujificha. Milima ni miamba mitupu, udongo ni haba na mimea ni michache, hivyo mvua hainywewi na ardhi bali huporomokea katika wadi. Wadi Samail, kwa mfano, huanzia nchi ya ndani, ikapita Fanja na Al Khoud, kisha ikaelekea baharini upande wa Seeb. Bwawa la Al Khoud lilijengwa mwaka 1985 ili kuyazuia maji hayo yapate kuzama ardhini na kuvilisha visima. Kwa hiyo mvua iliyonyesha bara alasiri yaweza kumkuta mtu wa pwani usiku, nyota zikimeremeta.

Wasikilizaji wa Tana River nchini Kenya wanalijua jambo hili, kwani wao pia huletewa mafuriko na mvua iliyonyesha mbali, katika milima ya kati ya nchi. Tofauti ni muda. Huko maji huchukua siku kadhaa kuteremka. Katika wadi za Oman ni saa chache, na pengine dakika.

Hatari hii haina msimu mmoja. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua huletwa na mikandamizo ya hewa itokayo kaskazini na magharibi. Vimbunga vya Bahari ya Arabuni hutokea zaidi kati ya Mei na Juni, kisha Oktoba na Novemba. Mwezi Juni mwaka 2007 kimbunga Gonu kiliua watu wapatao 50 nchini Oman. Tarehe 3 Oktoba 2021 kimbunga Shaheen kiliipiga pwani ya Batinah, na mji wa Al Khaburah ukapata zaidi ya milimita 300 za mvua, ilhali wastani wa Maskati kwa mwaka mzima ni kama milimita 100 tu.

Lakini haihitaji kimbunga. Mwezi Aprili mwaka 2024, katika wilaya ya Al Mudhaibi, gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji ya wadi. Watoto waliotoka nyumbani asubuhi kwenda shule hawakurudi.

Basi tufanye nini? Kwanza, usikilize utabiri wa mahali maji yanapotoka, si wa mahali unapoishi peke yake. Pili, ukiwa matembezini ndani ya wadi, ukaona maji yanabadilika rangi au ukasikia mvumo kutoka juu, panda mahali palipoinuka mara moja. Usirudi kuchukua vyombo. Tatu, usiivuke wadi inayotiririka. Maji ya sentimita 30 huweza kulielea gari dogo, na ya sentimita 60 hulichukua hata gari kubwa. Sheria ya barabarani ya Oman humwadhibu dereva anayeivuka kwa makusudi, lakini maji hayangoji hakimu.

Maji usiyoyafika hujui wina wake. Mafuriko mengi ya wadi hupungua baada ya saa chache. Anayesubiri ng'ambo atachelewa chakula cha usiku, wenyeji wake watanung'unika kidogo, kisha watampakulia.