Picha za Kikundi: Tukipewa Bure, Tuulize Nani Analipa

(Haya ni maneno tuliyowaambia wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka Meru na Embu. Wenyewe waliomba yaandikwe ili wakawasomee wenzao waliobaki nyumbani.)

Wengine mmetoka Maua kabla ya jua kuchomoza, wengine Nkubu, wengine Siakago, na wengine ni majirani wa hapa Runyenjes.

Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wa maziwa wala mbolea. Tunazungumza juu ya picha. Tunajua kuna mtu anasema moyoni, "Picha nazo ni maendeleo?" Ngojeni kidogo. Tutaanza na makosa yetu sisi wenyewe.

Yaliyotupata

Mwaka wa 2014 kijana mmoja wa kwetu, aliyesomea mambo ya kompyuta Nairobi, alikuja kwenye mkutano wetu. Alisema ametengeneza tovuti, yaani mahali kwenye intaneti, ambapo kikundi chochote kinaweza kuweka picha zake na vikundi vingine vikaziona. Mtu wa Embu aone tanki la mtu wa Meru, na wa Meru aone kitalu cha miche cha wa Embu. Tukamwuliza, "Ni pesa ngapi?" Akasema, "Bure." Tukapiga makofi, tukanywa chai, mambo yakaisha hapo.

Na kweli ilifanya kazi. Tuliweka picha za chemchemi ilivyokuwa chafu, za akina mama wakibeba mawe, za fundi akijenga tanki, na za siku ile maji yalipotoka kwenye mfereji. Katibu alikuwa akipiga picha kwa simu, anaziweka kwenye tovuti, halafu anazifuta kwenye simu ili apate nafasi. Hakuna aliyemwambia asifute. Si ziko kwenye intaneti?

Mwaka wa 2017 tuliomba msaada wa kujenga tanki la pili. Tukaambiwa, "Tuonyesheni lile la kwanza, kabla na baada." Tukaenda saiba mjini Embu, tukafungua tovuti. Hakuna kitu. Tukajaribu tena. Hakuna. Picha za miaka mitatu zilikuwa zimekwenda.

Tulimtafuta kijana tukiwa na hasira. Kumbe muda wote huo alikuwa akilipia tovuti ile kila mwezi kutoka mfukoni mwake. Kazi ikaisha, pesa zikakosekana, na kampuni iliyokuwa ikimhifadhia picha ikazifuta. Tukamwuliza, "Mbona hukutuambia?" Akasema, "Niliwaambia ni bure. Niliona haya kurudi kuwaomba."

Hasira yetu ikageuka aibu. Katika miaka mitatu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza, "Wewe, hii unailipiaje?"

Kilichotuokoa ni picha 11 tu. Mweka hazina wetu, mama mzee ambaye hana imani sana na simu, alikuwa amezipeleka studio zikachapishwa, akaziweka kwenye faili pamoja na risiti za saruji. Kwa hizo 11 tulipeleka ombi letu.

Kwa nini bure si bure

Wale wenye umri mnakumbuka zamani. Ukitaka picha, unanunua filamu ya picha 24 au 36, unapeleka kuoshwa, unalipa kwa kila picha. Gharama ulikuwa ukiiona kwa macho. Siku hizi unabonyeza tu. Gharama haijatoweka, imehama, iko mahali usipoona.

Picha ikiwa kwenye intaneti haielei hewani. Imo ndani ya kompyuta fulani inayoitwa seva. Seva hailali, usiku na mchana inakula umeme, inataka kupozwa isipate joto, na inataka mtu wa kuitengeneza ikiharibika. Na picha ni nzito. Picha moja ya simu ya kawaida inaweza kuwa na uzito wa megabaiti 3. Ujumbe mfupi wa simu, ule wa herufi 160, ni mwepesi hivi kwamba ungehitaji zaidi ya 20,000 kufikisha uzito wa picha hiyo moja. Sasa chukueni vikundi 40, kila kimoja picha 20 kwa mwezi. Hizo ni picha 800 kila mwezi, 9,600 kwa mwaka. Na za mwaka jana bado zinakaa pale pale. Mzigo unaongezeka tu, haupungui. Huo ndio mzigo tuliomtwika kijana mmoja.

Hata wakubwa walishindwa

Msidhani jambo hili ni la kijana wa kijijini peke yake. Mwaka wa 2004 kampuni ndogo ya huko Vancouver, Kanada, iliyoongozwa na Stewart Butterfield na Caterina Fake, ilianzisha tovuti ya picha iitwayo Flickr. Wao walikuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta. Mchezo haukufaulu, lakini ile sehemu ya kuonyeshana picha watu waliipenda sana. Mwaka wa 2005 kampuni kubwa ya Yahoo ikainunua. Mwaka wa 2013 Yahoo ikampa kila mtu nafasi kubwa mno, terabaiti nzima, bila malipo. Watu wakajaza.

Mwaka wa 2018 tovuti hiyo ikauzwa tena, kwa kampuni ya SmugMug. Mwaka huo huo wenyewe wapya wakatangaza kwamba asiyelipa atabaki na picha 1,000 tu, na zinazozidi zitafutwa mwaka wa 2019, kuanzia zile za zamani. Sikieni hapo: kuanzia zile za zamani! Kwa kikundi, picha ya zamani ndiyo inayoonyesha mlikotoka. Ukipoteza picha ya korongo lilivyokuwa, nani ataamini kazi yenu ya kulizuia? Na mwisho wa 2019 mkuu wa kampuni hiyo aliwaandikia watu waziwazi kwamba tovuti ilikuwa bado inapata hasara, akawaomba walipie.

Google nayo, tajiri kuliko hao wote, mwaka wa 2015 ilisema wekeni picha zenu kwetu bila kikomo. Tarehe 1 Juni 2021 mlango huo ukafungwa. Tangu hapo picha mpya zikaanza kuhesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure, pamoja na barua pepe zako. Ukizidisha, unalipa. Hawakumwibia mtu, walitangaza mapema. Lakini wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenye hizi tovuti wageni ni sisi, na jembe litakuja tu.

Kuna bure yenye msingi

Tusije tukasema kila cha bure ni mtego. Hapa Kenya tuna mfano mzuri. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi ilipochafuka, Ory Okolloh, mwanasheria, aliomba wataalamu wa kompyuta wasaidie kuweka kwenye ramani habari za mahali penye fujo. Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman wakaungana naye, na mnamo Januari 2008, kwa siku chache tu, tovuti ya Ushahidi ikawa tayari. Mwananchi aliweza kupeleka habari bila kulipia tovuti.

Angalieni walichofanya baadaye. Programu yenyewe waliiachilia wazi, mtu yeyote aichukue na kuiendesha mwenyewe. Halafu wakaunda shirika na kutafuta wafadhili, mzigo usibaki mgongoni mwa mtu mmoja. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti mwezi wa Januari 2010, programu hiyo hiyo ilitumika kule. Hiyo ilikuwa bure, lakini ilikuwa na mizizi. Kijana wetu alikuwa na akili kama hiyo hiyo. Alichokosa ni watu wa kusimama naye, na watu hao tulipaswa kuwa sisi.

Na mwenye sura amekubali?

Kuna gharama nyingine ambayo si ya pesa. Unapiga picha ya mama mjane akipokea mbuzi, unaiweka dunia nzima ione. Umemwuliza? Unapiga watoto wa chekechea wakinywa uji. Wazazi wao wanajua?

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inaitambua picha ya mtu kuwa habari yake mwenyewe, na kwa mtoto ni lazima mzazi au mlezi akubali. Si sheria ya kulala kabatini. Mwezi wa Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja Sh. 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kikundi chetu kikitozwa hata sehemu ndogo ya pesa hizo, kitauza mpaka viti.

Lakini tusingoje sheria. Ni heshima tu. Ukimpiga mtu picha akiwa na shida, hiyo shida ni yake, si tangazo letu.

Tufanye nini?

Hatusemi mwache intaneti. Picha zimewasaidia wengi kupata wanunuzi wa miche, na watoto wetu walio Nairobi na ng'ambo wanaziona na kuchangia. Tunasema hivi:

1. Kabla ya kuingia kwenye tovuti ya bure, ulizeni: ni ya nani? Analipa nani? Tukitaka kuchukua picha zetu zote siku moja tuondoke nazo, inawezekana?

2. Wekeni nakala tatu: moja kwenye intaneti, moja kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine mbali na simu ya katibu, na chache zilizo muhimu zichapishwe ziwekwe kwenye faili. Nyuma ya kila picha andikeni tarehe, mahali na kazi iliyofanyika. Picha isiyo na tarehe ni kama risiti isiyo na tarehe.

3. Mkitumiana picha kwa WhatsApp, jueni kwamba kwa kawaida inapunguzwa ubora ili isafiri upesi. Ile ya kwanza iliyo kwenye simu msiifute kabla ya kuitia kwenye flashi.

4. Neno la siri lisijulikane na mtu mmoja. Liandikwe, litiwe kwenye bahasha iliyofungwa, mweka hazina aitunze. Katibu anaweza kuhama au kuugua.

5. Kabla ya kupiga picha, ombeni ruhusa, na mseme itakwenda wapi. Anayekataa asichukiwe. Kwa watoto, mzazi aseme ndiyo, na iandikwe kwenye daftari.

6. Kijana wenu akiwatengenezea kitu, mwekeni kwenye bajeti. Kikundi cha watu 20, kila mtu Sh. 10 kwa mwezi, ni Sh. 200 kwa mwezi na Sh. 2,400 kwa mwaka. Vikundi 10 vikiungana ni Sh. 24,000. Hata kama haitatosha yote, hatalipa peke yake, na siku akishindwa atakuja kuwaambia bila kuona haya.

Hiyo ya sita ndiyo tunayoisisitiza. Tunapenda kusema vijana wametukimbia, wako mjini, hawajali kijiji. Huyu alirudi. Alileta alichojua, akakitoa bure, nasi tukakipokea kama mvua inavyopokewa, bila kuuliza inatoka wapi.

Tulimwita tena mwaka uliofuata. Tulimwomba msamaha mbele ya kikundi. Hakutengeneza tovuti nyingine, alisema hana nguvu hiyo kwa sasa. Lakini alitufundisha kutunza nakala, na mpaka leo ndiye hukagua flashi zetu kila mwisho wa mwaka. Tunamlipa. Si nyingi, lakini iko kwenye daftari.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Picha za kazi yenu ni mali. Ziandikeni, zitunzeni, na mjue nani anazilipia.

Maswali ya kuzungumzia kwenye kikundi

– Picha za kikundi chetu ziko wapi leo? Simu ya katibu ikipotea kesho, tutabaki na nini?
– Ni nani anayejua neno la siri, na nani mwingine anapaswa kulijua?
– Je, kuna mtu tuliyeonyesha sura yake bila kumwuliza? Tutarekebishaje?
– Ni kijana gani anatufanyia kazi bure, na tumewahi kumwuliza inamgharimu nini?