Ukihamisha Mkopo wa Nyumba, Riba Inahesabiwaje?

Umepata benki yenye riba nafuu na unataka kuhamishia huko mkopo wako wa nyumba. Kabla ya kutia saini, jiulize pesa za mkopo huo zinafanya kazi gani, maana nafuu ya kodi hutegemea hilo.

Nchini Kenya, riba ya mkopo wa kununua au kukarabati nyumba unayoishi mwenyewe huondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka. Kabla ya Desemba 2024 kikomo kilikuwa 300,000. Ni nyumba moja tu, msikilizaji, hata uwe na tano.

Mtego uko kwenye nyongeza ya mkopo. Tuseme unadaiwa milioni 4, benki mpya inakupa milioni 5, na ile milioni moja ya ziada unanunulia gari. Hati ya nyumba ndiyo dhamana ya mkopo wote, lakini gari si nyumba: riba ya milioni hiyo haina nafuu. Omba akaunti mbili tofauti. Zikichanganywa, kuzitenganisha baadaye ni kazi ya kuumiza kichwa, na mhasibu atakutoza.

Na nyumba ya kupangisha? Kodi ya mapato ya pango ya asilimia 7.5, kwa mapato kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, hutozwa kabla ya kuondoa gharama yoyote. Riba haipunguzi hata senti. Mwenye mkopo mzito anaweza kumwandikia Kamishna wa Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA) ili ajitoe kwenye utaratibu huo, alipe kodi ya kawaida, riba ikiwa miongoni mwa gharama. Piga hesabu zote mbili kwanza.