Mikopo kwa Vituo vya Kulelea Watoto
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nairobi



Halmashauri imenitaka niseme maneno machache juu ya maombi matano ya mikopo tuliyoletewa na kina mama wanaolea watoto wa watu kwa malipo. Tumezoea kupima maombi ya mwenye duka, ya fundi cherehani na ya mwuza mboga. Haya ni ya namna nyingine, na naomba tuyatazame kwa makini kabla ya kufungua kasha letu.

Wako miongoni mwetu waulizao imekuwaje hata ulezi ukawa biashara, maana zamani mtoto aliachwa kwa nyanya yake. Swali hilo ni la haki. Lakini siku hizi nyanya yuko Kakamega au Machakos, na mama yuko Korogocho, hutoka alfajiri kwenda kufua nguo za watu. Tena jambo lenyewe si geni kabisa. Baada ya Uhuru wa 1963 wazazi wa nchi hii walijenga shule nyingi za watoto wadogo kwa harambee. Walichanga miti na mabati, na mshahara wa mwalimu ukatoka mifukoni mwao. Tunaombwa sasa kumfikiria mtoto mdogo kuliko wale, ambaye bado hajatembea. Katiba ya 2010 yataja vituo vya kulelea watoto waziwazi, na imeviweka chini ya serikali za kaunti. Hata hivyo mlezi wa mtaani hawezi kuandika Katiba katika daftari yake kama mapato.

Faida ya vituo hivi haina haja ya kubishaniwa tena. Wataalamu walifanya uchunguzi huko Korogocho, na habari zake zikachapishwa 2019. Kina mama zaidi ya elfu moja walishiriki. Baadhi yao walipewa hati za kulipiwa gharama ya ulezi katika vituo vya mtaa wao, na wengine hawakupewa. Waliopewa walipata kazi kuliko wenzao kwa kiasi cha 8.5 katika kila mia. Mama walio peke yao, wasio na waume, waliweza kupunguza saa za kazi na mapato yao yasipungue. Ningependa tukumbuke kwamba hati zile hazikuwa mkopo.

Sasa niingie katika shina la maneno yangu. Mwenye duka akipata mkopo huongeza bidhaa, na akiuza maradufu faida huongezeka. Mlezi hana njia hiyo. Mikono yake ni miwili na sakafu yake ni ile ile. Akitaka kuongeza mapato kwa kuongeza watoto, atawalaza kumi na wawili mahali pa sita, na mmoja akishikwa na kuhara wote watashikwa. Kwa hiyo mkopo mkubwa waweza kumsukuma mwanamke mwema atende jambo baya ili apate kulipa. Hilo ndilo linalonitia hofu katika maombi haya, maana kila mmoja ameomba shilingi 50,000.

Natoa mfano, na hesabu yake ni ya kubuni, lakini haiko mbali na ile ya mitaani. Mama fulani na binti yake wanalea watoto 12, kwa shilingi 60 kila mmoja kwa siku, siku 22 za mwezi. Wote wakilipa, atapata shilingi 15,840. Kodi ya chumba ni 4,000. Uji na chakula, kwa shilingi 15 kila mtoto kwa siku, ni 3,960. Maji na makaa ni 1,100. Hubaki 6,780, na hiyo ndiyo riziki ya watu wawili. Lakini wote hawalipi. Wakikosa watatu, hubaki 2,820 tu. Mpe sasa mkopo wa 50,000 usio na riba, wenye ada ya asilimia 3, alipe kwa mwaka mmoja: kila mwezi atadaiwa karibu shilingi 4,300. Atazitoa wapi? Tumeondoa riba yote, na bado mkopo umemshinda. Ugonjwa wake ni wale watatu wasiolipa, na hawalipi kwa sababu mama zao siku ile hawakupata kibarua. Atawafukuza? Wengi hawawafukuzi, na hapo ndipo mwanamke maskini humlipia mwenziwe maskini.

Najua nitaambiwa kwamba serikali ina fedha. Ni kweli. Hazina ya Biashara za Wanawake iliundwa 2007, na Hazina ya Uwezo 2013, zote mbili zikikusudiwa kukopesha vikundi vilivyosajiliwa. Nazisifu, na kina mama hawa yafaa wajisajili kama kikundi pamoja na wenzao ili mlango usifungwe mbele yao. Ama ile iitwayo Hustler Fund, mkopo wake wa kwanza wa mtu binafsi ulipotolewa Novemba 2022 ulitakiwa kurudi katika siku 14. Mwuza nyanya huzungusha fedha kwa siku 14. Anayetaka tangi la maji hawezi.

Kuna msaada mwingine ambao wengi hawauhesabu kuwa mali, nao ni mafundisho. Shirika la Kidogo, lililoanzia hapa Nairobi, huwafundisha walezi wa mitaani namna ya kumtunza mtoto na pia namna ya kuendesha biashara. Mlezi ajuaye kwa hakika nani amelipa na nani hajalipa ana nguvu ambayo mwenziwe hana, kwa kuwa aweza kumwambia mzazi kwa upole, jioni ile ile, kabla deni halijawa mlima.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu usikubali maombi haya kama yalivyoandikwa. Badala yake Chama kiwape kina mama hao watano daftari na mtu wa kuwafundisha kuiandika kwa miezi sita. Katika muda huo tulipe nusu ya ada ya watoto watatu katika kila kituo, yaani shilingi 30 kwa siku, nusu nyingine ilipwe na mzazi. Hiyo ni shilingi 1,980 kwa kila kituo kwa mwezi, na kwa vituo vyote vitano kwa miezi sita ni 59,400. Baada ya hapo, atakayekuwa na daftari safi aweza kukopeshwa kiasi kidogo kwa ajili ya tangi, choo au mikeka, wala si kwa kuongeza watoto.

Nisiwafiche Wazee: shilingi hizo 59,400 hazitarudi. Mikopo mitano iliyoombwa ni shilingi 250,000, na kwa karatasi ingerudi yote. Mweka Hazina amekwisha kuniambia kwamba kanuni zetu zaruhusu kukopesha, lakini kutoa bure kwataka kura ya mkutano mkuu. Naiomba kura hiyo leo, kabla ya chakula, na kama kuna mjumbe awezaye kukagua madaftari Jumamosi mbili za kila mwezi, ampe Katibu jina lake.