Mguu Bandia Haununuliwi Mara Moja

Hotuba ya Mhazini katika chakula cha jioni cha harambee, Dar es Salaam



Nimetakiwa kutoa hesabu ya ule mchango wa kijana wetu aliyejeruhiwa Kongo. Wengi mnaukumbuka usiku ule. Tulichanga shilingi 6,300,000, tukamwita mbele na magongo yake, tukapiga picha na hundi kubwa ya kadibodi, tukapiga makofi. Hundi ile niliiandika mimi. Kwenye vitabu vyetu shughuli ilifungwa siku hiyo hiyo, na kosa hilo ni langu.

Sisi wa Kyaka hatuhitaji kusimuliwa vita. Daraja letu lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Nimekua nikimwona mzee jirani akifungwa jeraha na mkewe kila jioni, nikadhani hiyo ni kazi ya mke.

Mwaka 2013 JWTZ ilipeleka askari katika brigedi ya Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo, pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki ilishambuliwa. Wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliuawa, na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Waliokufa tuliwaaga kwa heshima zote. Waliojeruhiwa, ni nani kati yetu aliyeuliza walirudi vipi? Kijana wetu hakuwa Semuliki, aliumia baadaye. Jeshi lilimtibu na mguu bandia alipewa. Umoja wa Mataifa nao hulipa fidia kulingana na kiwango cha ulemavu, kupitia serikali ya askari husika, ila makaratasi yana mwendo wake na tumbo lina mwendo wake.

Nilipokwenda likizo nikapita kwake. Mguu ulikuwa uvunguni mwa kitanda.

Nilimuuliza fundi aliyesomea KCMC Moshi, ambako mafundi wa viungo bandia wamekuwa wakifunzwa tangu 1981. Akanieleza kwamba kigutu hupungua unene miezi ya mwanzo, kwa hiyo sehemu ya mguu inayokipokea hupwaya, ikachubua, mtu akaamua heri magongo. Lazima irekebishwe, na si mara moja. Hata mguu unaokaa vizuri huchakaa baada ya miaka michache, na wa mtu anayekanyaga matope ya kibanja kila siku huwahi zaidi kuliko wa anayetembea juu ya vigae.

Mguu alipewa bure. Gharama ilikuwa kuufuata Dar es Salaam: nauli ya watu wawili, malazi, na kibanja kubaki bila mtu. Fedha yetu ilikuwa imekwisha kwa ada, mabati, na ndugu waliokuja kukopa kwa sababu waliiona hundi. Nani angemkatalia shemeji? Mkewe akaniambia pembeni kwamba hulala alfajiri tu, na bodaboda ikipasua mlio ghafla anatoka jasho. Hilo halikuwamo kabisa kwenye bajeti yetu.

Jeshini alikuwa mtunza stoo. Msimu huu AMCOS ya kahawa imemchukua kwa majaribio. Vitabu vyake nimevikagua mwenyewe. Sina la kulalamikia ila mwandiko.

Wapo wengine wawili katika kata zetu wenye hali kama yake. Kwa wote watatu tunahitaji shilingi 450,000 kwa mwezi kwa miezi 36, jumla 16,200,000, kwa ajili ya safari, malazi, mafundi, na mshauri wa kuzungumza nao pamoja na wake zao. Tutalipa moja kwa moja panapohusika. Si kwamba hatuwaamini. Ni kuwakinga na mashemeji, nikiwamo mimi. Watu 45 wakiahidi shilingi 10,000 kwa mwezi, tumefika.

Kijana amekubali niyaseme haya kwa sharti moja: asiitwe mbele tena. Yupo nyumbani usiku huu, msimu wa kahawa haujaisha.

Fomu za ahadi ziko kwa mhazini msaidizi, meza ya karibu na mlango. Aliyejaza mara iliyopita naomba ajaze upya. Ile ilikuwa ya siku moja.