Mazoea Yetu na Siku za Ugonjwa Kazini

Leo hatukuja kuzungumzia bei wala mizani. Tumekuja kuzungumzia siku ambazo sheria inamruhusu mfanyakazi kuugua huku akilipwa. Siku hizo zina idadi, na wengi wetu huijua idadi hiyo zikiwa zimekwisha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu. Anayepokea shilingi 400,000 kwa mwezi, baada ya miezi miwili kitandani ataanza kuhesabiwa kwa kiwango cha 200,000, wala kodi ya nyumba haitapungua ili kumwonea huruma. Siku 126 zikiisha, sheria hiyo haimlazimishi tena mwajiri kumlipa hadi mzunguko mwingine uanze.

Malaria humaliza siku chache tu katika hizo. Kinachozimaliza zote ni kiharusi, figo zilizoshindwa kazi, au kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari. Maradhi haya mara nyingi hulelewa kwa miaka. Mfanyakazi wa kiwanda cha samaki Musoma hunyunyiza chumvi kwenye chipsi kabla ya kuonja. Dereva wa basi la Mwanza hukesha kwa sigara na soda. Karani wa Butiama hupanda bodaboda kwa safari ya dakika kumi za miguu. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa chakulani. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, kunatosha kuwa mazoezi. Ama pombe, viroba vilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini kiu haikupigwa marufuku.

Hata hivyo, zoea tunaloliogopa zaidi ni la kuacha dawa. Mtu hupimwa, huambiwa shinikizo lake la damu liko juu, hupewa vidonge. Mwezi mmoja baadaye anajisikia mzima, anaviacha. Shinikizo la damu kwa kawaida haliumi, hivyo hatajua limepanda tena mpaka apimwe, au mpaka aanguke. Wengine huficha vidonge kwa hofu kwamba mwajiri akijua atawaondoa. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini kanuni zinamtaka mwajiri achunguze kwanza chanzo na kiwango cha ugonjwa, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama mfanyakazi anaweza kupewa kazi nyepesi. Aliyeachishwa isivyo haki ana siku 30 za kufikisha malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Wala tusimtwishe mfanyakazi mzigo wote. Anayeingia zamu ya usiku pasipo na mahali pa kula atakula kinachouzwa getini.

Likizo hii kwa kawaida humhusu aliyetimiza miezi sita kazini. Lakini walioajiriwa kwa msimu, kama wale wa viwanda vya kuchambua pamba Bunda, sheria haiwanyimi kwa sababu ya ufupi wa msimu. Watumishi wa umma wana kanuni zao. Ugonjwa uliosababishwa na kazi yenyewe hupelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Katika likizo ya kawaida ya ugonjwa, dai cheti cha daktari aliyesajiliwa, kwa kuwa bila cheti mwajiri halazimiki kulipa. Na kabla ya kukikabidhi ofisini, toa nakala uiweke nyumbani.