Ufa Uliofichwa



Wapendwa wasikilizaji, Mwinjili Marko, katika sura ya 6, anatusimulia kwamba watu wa Nazareti walipomsikia Yesu akifundisha walishangaa, kwani walimjua kuwa ni seremala tu. Nasi tunayo meza ndogo ya useremala nyuma ya nyumba, na hapo tumejifunza jambo ambalo leo twapenda kuwashirikisha.

Mwaka mmoja, Pasaka ilipokaribia, tulikusudia kumtengenezea kigoda bibi mjane wa jumuiya yetu. Tulikuwa na haraka. Tulitwaa mbao za msonobari ambazo bado zilikuwa mbichi, tukazipiga randa na kuziunga. Tulipopigilia msumari karibu na ncha ya mguu mmoja, bila kutoboa tundu kwanza, mbao ilipasuka. Nyingine hatukuwa nayo. Basi tulichanganya unga wa mbao na gundi, tukajaza ufa, tukasugua kwa msasa na kupaka vanishi. Kigoda kikang'aa. Bibi alikipokea kwa vigelegele, akatuombea baraka.

Lakini mbao mbichi ikaukapo husinyaa. Viungo vililegea, na ule unga wa mbao, unaoridhisha macho bali haubebi uzito, uliachia. Siku moja Bibi aliketi, akaanguka, akateguka kifundo cha mkono. Tulipokwenda kumjulia hali, alituambia kwa upole: "Msihuzunike, wanangu. Kigoda kilikuwa kizuri. Ni mimi niliyekaa vibaya."

Ndugu wapendwa, neno hilo lilituchoma kuliko patasi. Bibi alikuwa akijishtaki kwa kosa letu, nasi siku ile tulinyamaza. Kesho yake tulirudi, tukamwamkia, tukasema: "Bibi, kigoda kilipasuka mikononi mwetu, nasi tukaficha." Alikaa kimya kitambo, kisha akajibu: "Basi kichukueni mkakitengeneze upya. Ila safari hii nitakuja kutazama."

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kuziba ili kuponya ni jambo moja, na kuziba ili kuficha ni jambo jingine. Baba atumiapo kwa siri fedha ya chakula, mama hudhani yeye ndiye asiyejua kubana matumizi. Katekista asipoandaa somo, watoto hudhani wao ndio wazito wa kuelewa. Dhambi iliyofichwa haikai kwetu peke yetu. Humwangukia aliye dhaifu, tena humfanya ajilaumu. Ndiyo maana Kanisa latuita katika Kitubio: si kutuaibisha, bali ufa ufunuliwe mbele ya Fundi awezaye kuutengeneza. Na baada ya kuungama, twende pia kwa yule tuliyemwangusha.

Kigoda cha pili kilichukua muda. Tulipanga mbao kivulini, tukaweka vijiti katikati yake ili hewa ipite, tukangoja zikauke. Tukatoboa matundu kabla ya misumari. Bibi alikuja, akakitikisa kwa mkono wake mzima, ndipo akaketi.

Mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Tumwombe huyo seremala mwadilifu atuombee, ili kazi za mikono yetu ziwe kweli ndani kama zing'aavyo nje. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.