Shule Bora au Bahati ya Wachache?

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, liliacha kutangaza shule 10 bora. Wapo waliolalamika. Lakini uigaji wa kompyuta, yaani kuzalisha matokeo ya kubuni kwa kanuni tunazozijua, unaonyesha kwa nini orodha za aina hiyo hupotosha.

Tuseme kuna shule 1,000: nusu zina watahiniwa 20 kila moja, nusu 200. Kompyuta iwagawie alama kwa bahati nasibu, pasiwe na shule inayofundisha vizuri kuliko nyingine. Ukizipanga kwa wastani, kileleni zitajaa shule ndogo. Tazama na mkiani: ndogo vilevile! Wastani wa watoto 20 huyumba takriban mara tatu zaidi ya wa watoto 200. Vipanga wawili watatu wanatosha kuupaisha.

Mbinu hii si ngeni. Mwaka 1908 William Gosset, wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alichapisha kanuni yake ya sampuli ndogo. Aliijaribu kwa kuchanganya kadi 3,000 zenye vipimo vya wahalifu, kisha kuzigawa nne nne. Leo kompyuta humaliza kazi hiyo kufumba na kufumbua.

Uigaji haufuti jasho la walimu. Unatupa kipimo cha bahati. Basi kabla ya kumtuza mwalimu mkuu, au kumshusha cheo, kwa matokeo ya mwaka mmoja, ofisa elimu aulize kwanza: je, bahati peke yake isingeweza kuyaleta haya?